Ng'ombe Wawili Niliowanadi Mama Nyangeta Akiwa Chini

Kwa miaka ishirini na sita nililipwa kwa kupiga kelele. Msicheke, ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa mnadi wa ng'ombe, mtu anayesimama juu ya jukwaa la mbao na kuita bei mpaka ng'ombe apate mwenyewe mpya. Leo Mugeta, keshokutwa Butiama, mwisho wa juma Bunda. Huko kote waliniita Bwana Mnada, na hata sasa nikipita sokoni hapa Musoma kuna wazee wanaoniinulia mkono kwa mzaha, eti wananunua.

Nawaandikia nyinyi vijana kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila siku kibarazani kwangu. Mnasema watu wamekosa utu, mtu anaanguka njiani, wanamzunguka, wanatazama, wanaondoka. Halafu mnanigeukia mimi, mkitaka nikubali kwamba zamani tulikuwa malaika. Sikubali. Mimi ni mtu wa hizo zamani zenu, tena nilikuwa juu ya jukwaa, mahali pazuri kuliko pote pa kuonea watu, na nawaambia kwamba tulisimama tukatazama. Wala hatukuwa watu wabaya. Ukilijua jambo hili lilivyo kwa ndani, utaona dawa yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani, ndiyo maana nataka kuwaeleza polepole.

Nianze na ng'ombe, maana hao nawajua vizuri zaidi kuliko watu.

Siku yangu ya kwanza jukwaani niliingiziwa dume mmoja mweusi, mnono, nundu imesimama, miguu yote mizima. Nikapaza sauti, "Nani ananipa bei? Nani anafungua? Jamani, nani?" Kimya. Wanunuzi walijaa uwanja mzima na najua wengi walimtaka dume yule, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Nikauliza tena. Mmoja akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama kwato za dume. Baada ya muda nikaanza kusikia minong'ono. "Ana nini huyu? Mbona hanunuliwi?" Mwingine akajibu, "Atakuwa na ndigana." Hakuna aliyekuwa ameona ugonjwa wowote. Waliona ukimya wa wenzao tu, wakaamini kuna mtu mahali fulani anayejua kitu. Dume mzima akaugua mbele ya macho yangu kwa sababu hakuna aliyeanza.

Aliyeniokoa ni Mzee Mafuru, mnadi mkuu aliyekuwa akinifundisha. Huyu alikuwa Mjita wa Mugango, mtoto wa wavuvi, na mpaka anastaafu alikuwa bado anaogopa pembe. Kunadi alijifunzia mwaloni, akiuza samaki, sato na ningu, wakishushwa kutoka kwenye mitumbwi. Akapanda jukwaani, akanisogeza kwa kiwiko, akanyoosha kidole katikati ya watu. "Wewe, mwenye koti la kaki na kofia ya pama! Ndiyo, wewe! Huyu dume unampa ngapi?" Yule bwana akashtuka, akataja bei. Kabla hajafunga mdomo, watatu walikuwa wameshaongeza juu yake.

Baadaye tulipokuwa tunakunywa uji akanifundisha somo ambalo sijalisahau.

"Wewe unaulizaga nani, nani," akasema. "Hapa hakuna mtu anaitwaga hivyo. Mimi kule mwaloni nikiuliza nani anataka samaki, zinaoza nikiwa naziangalia. Namwitaga mtu kwa nguo yake. Akishaitwa hawezi kujificha tena nyuma ya mwenzake."

Uji wenyewe ulikuwa wa Mama Nyangeta, na huyu ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye mkono mwepesi wa kuosha vikombe na ulimi mwepesi wa kuwasema wanaochelewesha malipo. Katika mnada wa Mugeta alikaa na sufuria yake karibu na mlango wa kutokea ng'ombe, kwa sababu wachungaji wenye njaa hupitia hapo. Binti yake, Nyangeta, alikuwa ameolewa na Magesa, mfugaji wa hapo hapo Mugeta, na Magesa alikuwa hakosi mnada hata mmoja.

Sasa, nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na iliheshimiwa kweli. Magesa alizunguka uwanja mzima ili asipite karibu na sufuria ile. Akitaka uji alimtuma mtu, anakunywa nyuma ya lori. Sisi tulimfanya mchezo. Unamwambia tu, "Magesa, mkweo huyo nyuma yako," anaruka upande wa pili wa ng'ombe kabla hajageuka kuhakikisha.

Ilikuwa ile miaka ya shida. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, nguo ndiyo usiseme. Mwanamume mzima alikuwa na shati moja la kutokea na moja la shambani, na la kutokea alilifua usiku ili alivae asubuhi. Hata kamba za katani zilikuwa hazipatikani, watu walikuja mnadani na ng'ombe waliofungwa kwa vipande vya kamba vilivyoungwa mara tano. Kamba ya namna hiyo ndiyo iliyokatika.

Siku hiyo watu walikuwa wengi, maana pamba ilikuwa imeshauzwa. Dume mmoja mwekundu aliyekuwa akingojea zamu yake alirusha kichwa, kamba ikaachia, akakimbilia mlango wa kutokea. Mama Nyangeta alikuwa ameinama anapuliza moto. Dume akamchoma pembe ya paja, akamrusha juu ya mafiga, akaendelea na safari yake kuelekea kwenye mbuzi.

Niliona yote. Kutoka jukwaani hakuna kinachokupita.

Na nilikuwa nanadi. Uwanjani palikuwa na maksai mzuri, bei imechangamka, wanunuzi wawili wa Bunda wanashindana. Nikaona watu wanakimbilia kule kwa mama, wengi sana, wanamzunguka. Nikasema moyoni, wamefika. Nikamaliza kumnadi yule maksai. Nikaita mwingine aingizwe, dume mwenye nundu kubwa, nikamsifia, nikamwuza naye. Nilipotazama tena kule mlangoni, duara la watu lilikuwa limekuwa nene zaidi, lakini kuna kitu kilinishtua.

Shikeni hili, litawafaa. Mtu akianguka na watu wakawa wanamsaidia kweli, ukitazama kwa mbali utaona katikati ya duara migongo imeinama. Mimi niliona vichwa tu, vyote vimenyooka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechuchumaa.

Nikasimama kwenye ncha za vidole. Mama Nyangeta alikuwa amelala chini kwa ubavu, uji umemwagika, damu inatoka pajani, na nguo yake imefunuka. Hatua mbili kutoka kwake alisimama Magesa, kamba mkononi, amempa mgongo, uso ameuinamishia ardhini. Watu wote walikuwa wanamtazama Magesa.

"Jamani, msaidieni huyo mama!" nikapiga kelele.

Nawaambia kweli tupu, watu wote wakageukiana. "Msaidieni!" wakaambiana. "Si msaidieni huyo!" Kila mmoja aliipokea amri yangu, akampitishia jirani yake. Hakuna mguu ulioinuka. Na damu ilikuwa inazidi, nikaona mkono wa yule mama unashika vumbi na kuliachia.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Mafuru, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Mugango. Nikanyoosha kidole.

"Wewe, mwenye shati jeupe, mfuko umechanika! Vua hilo shati!"

"Mimi?"

"Wewe! Likunje, likandamize hapo kwenye damu kwa nguvu zako zote. Usiachie!"

Alilitazama shati lake mara moja tu. Nilijua anawaza nini, maana na mimi langu lilikuwa moja. Akalivua, akapiga magoti, akakandamiza.

"Wewe, mama mwenye kitenge cha njano juu ya gauni! Mfunike mwenzako!"

"Jamani, nimekipangia foleni siku mbili hiki," akasema yule mama, na huku anasema mikono ilikuwa imeshafungua fundo. Akamfunika Mama Nyangeta, akakaa chini, akakiweka kichwa chake mapajani.

"Wewe, dereva wa lori la pamba, unayekula muwa! Leta gari!"

"Bwana Mnada, dizeli yangu ya kibali hii. Inanifikishaga kiwandani tu."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Bunda."

"Na hospitali iko wapi?"

Akakuna kichwa. "Bunda."

"Sasa unangoja nini?"

Watu wakacheka, wallahi, katika hali ile walicheka, na kicheko hicho kikawafungua miguu. Ghafla kila mtu akawa na kazi. Wengine walileta magunia ya kutandika ndani ya lori, wengine walivunja boma la upande ili gari lipite. Dakika moja kabla ya hapo ungesema ni watu wasio na huruma hata chembe.

Akabaki Magesa, bado amegeuka.

"Magesa!" nikamwita. "Usigeuke, baki hivyo hivyo. Yule dume bado yuko huru, ataua mwingine. Mkamate. Ukimaliza, kimbia kamwambie mke wako mama yake anapelekwa Bunda."

Aliondoka pale mbio kama mtu aliyefunguliwa pingu. Yule dume alimkamata peke yake, kwa pembe, na mpaka leo wanaume wa Mugeta wanasimulia.

Lori likaondoka. Mimi nikabaki jukwaani, kidole kinaniuma kwa kukinyoosha.

Siku zilizofuata niliwauliza watu mmoja mmoja, maana jambo lile lilininyima raha. Mzee mmoja muuza tumbaku aliniambia, "Sisi tulimwona mkwewe yupo pale. Tukasema basi, mwenyewe yupo. Halafu tukaona amegeuka. Mtu anamgeukia mkwe wake mgongo, si ujue ameshakufa? Au kuna mambo ya ukoo. Nani anajiingizaga kwenye mambo ya ukoo wa watu?" Mwenye shati jeupe akasema aliona watu wazima wengi kuliko yeye, akajua wenye akili wapo. Dereva hakuiona hata damu, aliona umati, akadhani wanatazama dume.

Mnaona? Magesa aligeuka kwa sababu nguo ya mama mkwe wake ilikuwa imefunuka, na alilelewa kugeuza macho. Alitimiza heshima. Watu wakausoma mgongo wake wakaelewa kitu kingine kabisa, kisha wakasomana wao kwa wao, kama walivyosomana siku ya dume mweusi. Kila mmoja alikuwa na huruma yake mfukoni, anangoja wa kwanza aitoe ya kwake.

Kwa hiyo mkiniuliza mbinu, nitawaambia nilivyofanya miaka yote iliyofuata. Usiseme jamani. Jamani hana mikono. Mwite mtu mmoja kwa kitu anachokiona mwilini mwake mwenyewe, kofia, kikapu, viatu, ili asiweze kudhani umemwita mwingine. Mpe kazi moja, ndogo, inayoeleweka. Na mpe kazi anayoiweza. Kumwambia Magesa amshike mama mkwe wake ilikuwa bure, angekufa pale pale kwa aibu. Lakini kumkamata dume aliweza.

Soko huria lilipokuja mambo ya mnada yalibadilika, na mimi nikabadilika nayo kwa shingo upande. Walikuja wanunuzi wenye magari yao kutoka mbali, mitumba ikarundikwa mpaka ikawa mirefu kuliko ng'ombe, na mimi nikapewa kipaza sauti cha betri. Nilikifurahia kwa juma moja. Kisha nikagundua kwamba nikisema "wewe", watu wanatazama spika iliyofungwa juu ya mti, hawanitazami mimi. Hakuna anayeogopa kuitwa na spika. Kwa hiyo nikawa nakitumia kipaza sauti kutangaza ng'ombe, halafu nikitaka bei ya kwanza nakiweka chini, natumia koo langu la zamani na kidole. Vijana walionifuata kazini walinicheka. Baadaye niliwaona nao wanakiweka chini.

Miaka hiyo hiyo ya mitumba nilikuwa nimeshuka stendi ya Musoma, nikamkuta mtu wa makamo ameanguka kifafa katikati ya njia. Watu wamejaa, wote wamerudi nyuma, maana wengi waliamini ukimgusa mtu wa kifafa na wewe unapata. Uongo mtupu, msiuamini. Nilipiga magoti mimi kwanza, na kwa nini nilianza mimi nitawaeleza sasa hivi. Kisha nikanyoosha kidole. Mwenye sweta la kijani alilikunja akaliweka chini ya kichwa cha mgonjwa. Mwenye baiskeli nyekundu alisimamisha magari. Mama mmoja mkaanga samaki aliyekuja na kijiko anataka kukitia mdomoni mwa mgonjwa nilimzuia, kijiko huvunja meno, nikampa kazi ya kumlegeza ukosi. Degedege lilipotulia tukamlaza kwa ubavu. Alipofumbua macho, watu watano walikuwa wamemzunguka wameinama, na wanne kati yao sikuwa nimewaita. Hicho ndicho kinachonipa matumaini mpaka leo, kwamba ukimwita mmoja kwa nguvu, wengine hujiita wenyewe.

Lakini nimeruka jambo. Sijawaambia kilichompata Mama Nyangeta.

Alilazwa Bunda muda mrefu. Kuna siku tuliambiwa mguu utakatwa, kuna siku tuliambiwa ameshakata kauli. Kila gari lililotoka Bunda tulilikimbilia kuuliza. Mwisho akarudi Mugeta, mguu umekakamaa, anatembelea fimbo. Niliposikia amefika, nikatafuta nusu kilo ya sukari, na kuipata sukari wakati ule ilikuwa kazi ya mganga. Nikavaa shati langu la drafti, nikaenda kumpa pole. Nisiwafiche, nilikwenda nikitegemea kushukuriwa. Mnadani kote nilikuwa shujaa, watu wananiita tajiri wa kidole.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Akanikaribisha, akapokea sukari, akainusa, akaiweka pembeni.

"Bwana Mnada," akasema, "nilikuwa nakusikia."

"Nilivyokuwa nawaita wale watu, mama?"

"Kabla ya hapo. Nikiwa chini. Uliuza ng'ombe wawili. Wa kwanza waligombea watu wa Bunda. Wa pili ulimsifia nundu."

Nikaanza kubabaika. Mimi, mtu wa kulipwa kwa kusema.

"Mama, nilidhani..."

"Wapo wengine," akanimalizia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Magesa alinipa mgongo kwa heshima. Hilo mimi na yeye tumeshalimaliza, wazee walikaa, nikasema sina neno naye. Wewe ulinipa mgongo kwa nini?"

Nyinyi mnaonisoma, siku moja mtaulizwa swali la namna hii, na nawaombea msilikwepe. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilimwona tangu alipoinuliwa na pembe, nikaona watu wengi, nikasema wametosha, na bei ilikuwa nzuri. Nikalia mbele yake. Sioni aibu kuliandika hilo, nilikuwa nimelibeba tangu siku ile na lilikuwa zito.

Akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Ulivyowanyooshea wale watu kidole, ndiyo wameniokoa," akasema. "Daktari aliniambiaga, ile shati ndiyo imenibakiza. Najua bila wewe saa hizi wanangu wameshanisahau. Lakini na wewe, ulishukaga pale juu?"

"Sikushuka, mama."

"Sasa huko juu, nani anakunyoosheaga wewe?"

Akaishika fimbo yake, akaiinua, akanielekezea katikati ya kifua, na sauti aliyoitoa ilikuwa yangu mimi mwenyewe, ya jukwaani.

"Wewe! Mwenye shati la drafti! Ndiyo, wewe! Pipa langu kavu siku ya tatu leo. Jirani wote wanajua nimerudi, wote wameshakuja kunipa pole, na kila mtu anasemaga binti yake atakuwa anamchotea. Binti yangu ana mtoto wa juma moja. Chukua ndoo mbili hizo. Kisima kiko kule bondeni."

Nikachukua ndoo.

Kisimani palikuwa na wanawake sita au saba. Mwanamume mwenye shati la kutokea, Bwana Mnada mzima, ameshika ndoo mbili! Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Leo unanadi maji, baba?"

"Ni ya Mama Nyangeta," nikasema. "Pipa lake halina tone."

Kicheko kikakatika. "Si Nyangeta anachotaga?" akauliza mmoja.

"Nyangeta ana mtoto wa juma moja."

Wakatazamana. Nilikuwa tayari kunyoosha kidole, lakini sikuhitaji. Yule aliyekuwa amekaa chini akainuka, akajitwika ndoo yake, akanitangulia njiani. Wawili wakamfuata.

Katika safari yangu ya tatu nilimkuta Magesa kwenye njia panda, na yeye ana ndoo mbili kwenye baiskeli. Nadhani mtu alikuwa ameshampelekea habari. Tulitembea pamoja, kisha akaanza kusema mwenyewe.

"Kaka, ningefanyaje? Nguo ilikuwa imeshafunuka. Ukishaona, unageuka, ndivyo tulivyofundishwaga. Nilikuwa nasema moyoni, mtu aje, mtu aje. Nilikuwa nawasikia nyuma yangu wamejaa. Sikujua kama wananisubiri mimi."

"Na mimi nilikuwa nawasubiri wao," nikamwambia.

Tulipofika kwenye ua wa miti, Magesa akasimama. Akateremsha ndoo zake, akazipanga vizuri pembeni ya lango. "Mimi mwisho wangu hapa," akasema. "Utaziingiza."

Nikaingia na ndoo zangu, nikamimina. Pipa lilikuwa limebakiza kidogo kujaa. Nilipogeuka kurudi langoni kuzichukua zile nyingine, Mama Nyangeta akaniuliza nani yuko nje.

"Ni Magesa, mama. Ameleta maji. Nakwenda kuyaingiza."

Akauteremsha mguu wake kutoka kwenye kigoda kwa mikono yote miwili, taratibu, maana ulikuwa bado unamuuma sana, nikaona jasho linamtoka usoni. Akajizungusha pale mlangoni mpaka akawa anatazama ndani, ukutani, ametupa mgongo sisi sote.

"Mwambie aingie amimine mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshageuka."

Magesa akaingia uani, macho chini, akamimina ndoo ya kwanza, akamimina na ya pili. Pipa likajaa.